Intaneti ya setilaiti mvua inaponyesha: bendi za C, Ku, Ka na L zimepimwa

Muuzaji wa intaneti ya setilaiti atakutajia kasi kwanza: megabiti 50, megabiti 100, megabiti 200. Hiyo ni kasi ya siku anga likiwa limetakata. Anayenunua anahitaji kujua kitakachotokea siku mvua inapiga bati mpaka watu waliokaa chumba kimoja hawasikilizani, na habari hiyo haimo kwenye karatasi ya kifurushi. Tathmini hii inapima huduma zilizopo kwa kigezo hicho kimoja. Tumezigawa kwa bendi, yaani mafungu ya masafa ya mawimbi yanayopewa herufi, badala ya majina ya kampuni, kwa sababu kampuni mbili zinazotumia bendi moja, dishi la ukubwa uleule na setilaiti iliyo pembe ileile angani, mvua huzitendea sawasawa.

Kinachoyapata mawimbi

Mvua iliyo njiani haizidi sana kimo cha kilomita 5 kwenye nchi za joto. Juu ya hapo maji yameganda kuwa barafu, na barafu kavu haimezi mawimbi kama maji yanavyomeza. Kwa hiyo katika safari ya kilomita 35,786 kutoka setilaiti iliyotulia juu ya ikweta, uharibifu karibu wote unafanyika kwenye kilomita chache za mwisho.

Tone kubwa la mvua lina kipenyo cha milimita 2 hadi 5. Wimbi la gigahezi 4, yaani bendi ya C, lina urefu wa milimita 75, na linapita kati ya matone kana kwamba hayapo. Wimbi la gigahezi 12 la bendi ya Ku lina milimita 25. La gigahezi 20 la bendi ya Ka lina milimita 15, na lile la kupanda kwenda juu kwa gigahezi 30 lina milimita 10 tu. Kadiri wimbi linavyokaribia ukubwa wa tone, ndivyo maji yanavyolimeza na kulitawanya pembeni.

Ukitumia kanuni ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, inayojulikana kama P.838, mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa inakula desibeli (kipimo cha nguvu: ukipoteza 3 imebaki nusu, ukipoteza 10 imebaki moja ya kumi) 0.06 kwa kilomita kwenye gigahezi 4, desibeli 2.4 kwenye gigahezi 12, desibeli 5.7 kwenye gigahezi 20, na karibu desibeli 10 kwenye gigahezi 30. Chukua wingu la mvua linalofunika kilomita 4 za njia. Bendi ya C imepoteza robo ya desibeli. Ku imepoteza 10, na hapo imebaki sehemu moja ya kumi ya nguvu. Ka ya kushuka imepoteza 23, yaani imebaki chini ya moja ya mia. Ka ya kupanda imepoteza karibu 40, yaani moja ya elfu kumi. Hakuna modemu ya nyumbani inayoweza kufidia pengo hilo la mwisho.

Pembe ya dishi inahesabika pia. Setilaiti ikiwa juu ya utosi, njia inapita kilomita 5 za mvua. Ikiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, zinakuwa kilomita 10. Ikiwa nyuzi 10, zinakaribia 29. Mtu anayelenga dishi chini kabisa, karibu kugusa paa la jirani, ananunua maji mengi zaidi kwa pesa ileile.

Mvua ina dhara la pili, na mafundi wengi hawalihesabu. Maji yanayomeza mawimbi yanatoa kelele ya joto. Dishi linaloangalia anga safi linaona ubaridi. Mfumo wa Ku pamoja na LNB yake, yaani kifaa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi, unaweza kuwa na kelele ya kelvini (kipimo cha joto) 120. Ikija mvua ya kula desibeli 3, nusu ya kile ambacho dishi linakiona sasa ni maji yenye joto la kelvini 275 hivi, na kelele inaongezeka kwa kelvini kama 137. Kutoka 120 umefika zaidi ya 250, na hiyo ni desibeli 3 nyingine na kitu. Modemu inafanya kazi kwa tofauti iliyopo kati ya mawimbi na kelele, hivyo mvua ya desibeli 3 imeigharimu desibeli 6. Ukifungua ukurasa wa mawimbi kwenye dikoda wakati huo utaona mstari wa nguvu umeshuka kidogo tu huku mstari wa ubora umeporomoka. Wengi hudhani kifaa kimeharibika. Kifaa ni kizima; kelele ya mvua imejaza nafasi iliyoachwa na mawimbi.

Bendi ya C

Kwa mvua peke yake, hii ndiyo bora kuliko zote zinazotumia dishi. Ukiwa na mzigo usiokubali kukatika, kama kurusha matangazo au kuunganisha benki na matawi yake, C bado inastahili heshima yake. Gharama yake ni ukubwa: dishi la mita 1.8 hadi 2.4 au zaidi, nguzo iliyosimikwa kwenye zege, na upepo unaolisukuma kama tanga.

Udhaifu wake mkubwa siku hizi unatoka ardhini. Minara ya 5G inatumia masafa ya gigahezi 3.4 hadi 3.8 sehemu nyingi duniani, na LNB ya kawaida ya bendi ya C inafungua mlango kuanzia 3.4. Mnara ukiwa karibu, LNB inalemewa na kupoteza chaneli zote kwa pamoja, hata zile zilizo mbali na masafa ya mnara. Dawa yake ni chujio la chuma linalofungwa kati ya pembe ya kupokelea (faneli inayokusanya mawimbi mbele ya dishi) na LNB, lililotengenezwa kupitisha kile tu ambacho setilaiti yako inatumia. Chujio linalowekwa baada ya LNB halisaidii, kwa sababu LNB yenyewe ndiyo imeshalemewa.

Bendi ya Ku

Hii ndiyo bendi ya madishi mengi ya televisheni na ya intaneti ya ofisi. Mvua ya wastani inaivumilia. Mvua kubwa inaikata kwa dakika 5, 10 au 20, kisha inarudi yenyewe. Tunaipa alama nzuri kwa sharti moja: dishi lisiwe dogo kupita kiasi.

Kutoka sentimita 60 kwenda 90 unaongeza desibeli 3.5. Kutoka 90 kwenda 120 unaongeza 2.5. Kwa mtu aliyefungiwa dishi la sentimita 60 ambalo hukatika kila kukinyesha, hakuna pesa inayofanya kazi zaidi ya ile ya kubadilisha dishi. LNB mpya iliyoandikwa namba ndogo ya kelele haifiki hapo, kwa sababu mvua ikishafika kelele ya mvua inaimeza faida hiyo yote. Kikuza mawimbi cha kwenye kebo nacho hakirudishi kilichopotea angani; kinakuza mawimbi na kelele kwa pamoja.

Bendi ya Ka

Hapa ndipo penye vifurushi vya kasi kubwa, madishi ya sentimita 75 na ahadi nyingi. Tumeitazama kwa muda mrefu kuliko nyingine kwa sababu tofauti kati ya huduma nzuri na mbaya ndani ya bendi hii ni kubwa mno.

Hata mvua ya wastani ya milimita 5 kwa saa inakula nusu desibeli kwa kila kilomita kwenye gigahezi 20. Mawingu mazito yasiyonyesha nayo yanaweza kuchukua desibeli 1 au 2. Mvuke wa maji hewani una kilele chake cha kumeza mawimbi kwenye gigahezi 22.2, karibu kabisa na masafa haya. Ka haijui siku ya mapumziko kwenye nchi zenye unyevunyevu.

Kinachoiokoa ni modemu inayobadilisha mtindo wa kurusha kila hali ya anga inapobadilika. Kiwango cha kurusha mawimbi ya setilaiti kiitwacho DVB-S2 kina ngazi nyingi. Tuseme siku ya jua modemu yako inasoma Es/N0 (nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele) ya desibeli 12. Inaweza kutumia ngazi iitwayo 16APSK 3/4, inayohitaji desibeli 10.2 na kubeba biti 2.97 kwa kila alama. Mvua ikishusha kipimo hadi desibeli 4, inahamia ngazi ya chini iitwayo QPSK 2/3, inayohitaji desibeli 3.1 na kubeba biti 1.32. Kasi imepungua kwa zaidi ya nusu, ila mazungumzo ya sauti hayajakatika. Ngazi ya chini kabisa, QPSK 1/4, inashika hata kipimo kikiwa desibeli 2.3 chini ya sifuri, na inabeba biti 0.49. Huduma inayotumia ngazi zote inateremka polepole. Huduma iliyofungwa kwenye ngazi moja inakwenda vizuri, kisha inazima ghafla kama taa. Muulize muuzaji ngazi ya chini inayoruhusiwa kwenye kifurushi chako. Baadhi ya mitandao haiteremki hadi mwisho, kwa kuwa mteja aliye kwenye ngazi ya chini anakula nafasi kubwa ya setilaiti.

Upande wa kutuma ndio unaoanza kufa. Gigahezi 30 inaumizwa na mvua kuliko 20, kwa hiyo utakuta taa ya kupokea kwenye modemu imewaka imara, taa ya kutuma inapepesa, na kurasa hazifunguki. Usiizime na kuiwasha modemu wakati huo. Ikiwaka upya italazimika kuomba kuingia mtandaoni kwa njia ileile iliyozibwa, na mvua ikiisha utasubiri zaidi ya jirani aliyeiacha iendelee.

Kuna jambo moja linalowachanganya wateja wengi: kwako jua linawaka, na mtandao umekata. Mawimbi yako yanapitia kituo kikuu cha ardhini kinachoweza kuwa mamia ya kilomita kutoka ulipo. Mvua ikipiga pale, watumiaji wote wa miale inayohudumiwa na kituo hicho wanaumia pamoja. Mitandao iliyojengwa vizuri ina kituo cha pili kilicho makumi ya kilomita mbali na cha kwanza, kwa sababu kiini cha mvua kubwa huwa na upana wa kilomita chache tu na ni nadra vipige vituo vyote viwili kwa dakika ileile. Mtandao wa Ka wenye kituo kimoja kisicho na mbadala hatuupendekezi kwa kazi yoyote ya lazima, hata dishi la mteja liwe kubwa namna gani.

Setilaiti za chini

Mtandao wa Starlink unazungusha setilaiti zake kwenye kimo cha kilomita 550 hivi au pungufu, ukitumia Ku kati ya mteja na setilaiti, na Ka kwenda kwenye vituo vyake vya ardhini. Yanasemwa sana kwamba kwa kuwa setilaiti ziko karibu, mvua haizisumbui. Si kweli. Maji yako kwenye kilomita 5 za chini, na wimbi linalotoka kilomita 550 linapita maji yaleyale yanayopitwa na lile la kilomita 35,786. Ukaribu unafupisha muda wa kusubiri jibu, kutoka zaidi ya nusu sekunde hadi makumi machache ya milisekunde, na kwa hilo mfumo huu hauna mpinzani.

Faida yake halisi kwenye mvua ni kwamba setilaiti zinapita. Wingu zito likiwa upande mmoja, setilaiti inayofuata inaweza kuwa upande ulio wazi. Hasara yake ni pembe: antena inaweza kufuata setilaiti hadi nyuzi 25 juu ya upeo wa macho, ambapo njia ndani ya mvua inafika karibu kilomita 12. Ndiyo maana wakati wa mvua kubwa mtandao hukatika vipande vipande vya sekunde kadhaa badala ya kuzima kwa dakika 15 mfululizo. Kwa kuperuzi hutajali sana. Kwa mkutano wa video utajali. Antena bapa isilazwe sawa kabisa na upeo. Ipewe mteremko unaopendekezwa na programu yake, ili maji yatiririke badala ya kukaa juu yake kama utando.

Bendi ya L

Mtandao wa simu za setilaiti wa Iridium una setilaiti 66 kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, na unatumia masafa ya megahezi 1616 hadi 1626.5. Vifaa vya intaneti viitwavyo BGAN, vya mtandao wa Inmarsat, viko kwenye bendi hiyohiyo, na hufika kilobiti 492 kwa sekunde. Ni polepole na ghali kwa kila megabaiti, ila mvua haiwagusi. Kwa meli, ndege na timu za uokoaji hakuna cha kubishania.

Adui wa bendi hii yuko juu zaidi, kwenye ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme. Karibu na ikweta ya sumaku, na nyuzi kama 20 kila upande wake, jua likishazama tabaka hilo linaingiwa na viputo vyenye elektroni chache kuliko hewa inayovizunguka. Mawimbi yakipita humo yanamemetuka kama nyota inavyomemetuka, na nguvu inaweza kuanguka kwa zaidi ya desibeli 20 kwa sekunde chache, ikarudi, ikaanguka tena. Hali hiyo huanza baada ya magharibi na kutulia kuelekea usiku wa manane au baadaye kidogo, na hushamiri zaidi karibu na Machi na Septemba, hasa miaka ambayo jua liko kileleni mwa mzunguko wake wa miaka 11. Simu ya setilaiti inayokata kila jioni huku anga likiwa safi isipelekwe kwa fundi kabla ya kujaribiwa saa 4 asubuhi.

Makosa ya ufungaji yanayosingiziwa mvua

Akiba ya desibeli uliyoinunua, yaani zile unazoweza kupoteza kabla mtandao haujakatika, inaweza kuliwa na fundi kabla tone halijadondoka. Mwale wa dishi la sentimita 90 kwenye gigahezi 12 una upana wa nyuzi 1.9 hivi; ukikosea nusu nyuzi unapoteza desibeli 0.8. Mwale wa dishi la mita 1.2 kwenye gigahezi 20 una upana wa nyuzi 0.9, kosa hilohilo la nusu nyuzi linakugharimu karibu desibeli 4. Siku ya jua picha ni safi na kasi ni ileile, kwa hiyo hakuna anayegundua mpaka mvua ije.

Lenga kwa kutazama ubora, kamwe usitegemee nguvu. Kaza nati kwa kupokezana, kila moja robo mzunguko, ukiangalia kipimo, maana nati inayokazwa mara moja mpaka mwisho huvuta dishi pembeni. Zungusha LNB hadi ubora ufike kileleni. Kisha andika kipimo cha anga safi kwa kalamu isiyofutika nyuma ya dishi, pamoja na tarehe. Bila namba hiyo, fundi atakayekuja mwaka ujao hana cha kulinganisha.

Kifuniko cha plastiki mbele ya LNB kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kikiwa kipya, maji yanakusanyika kuwa matone na kudondoka. Kikishapigwa na jua miaka kadhaa, uso wake unakwaruzika na maji yanatanda kama utando mwembamba, na kwenye Ka utando huo peke yake unaweza kula desibeli kadhaa. Jaribu siku ya jua: mwagia maji kidogo ya chupa kwenye kifuniko huku mwenzako akitazama kipimo. Kikishuka na kukataa kupanda hata baada ya matone kudondoka, badilisha kifuniko. Kikiwa na ufa, maji yameshaingia ndani ya pembe ya kupokelea na LNB yenyewe iko njiani kuharibika.

Konekta ndiyo inayofuata. Kebo ishuke chini ya konekta kwa mkunjo kabla ya kupanda tena, ili maji yadondokee kwenye mkunjo. Konekta izungushiwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, kama vigae vya paa. Utepe wa umeme wa kawaida unaachia gundi kwa joto na kugeuka mfuko wa kutunzia maji.

Kutofautisha ni rahisi ukizingatia saa. Mvua ya njiani huanza kushusha kipimo hata kabla tone la kwanza halijagonga bati, kwa sababu wingu limeshaingia kati yako na setilaiti, na kipimo hurudi dakika chache baada ya wingu kupita. Maji ndani ya konekta huanza kuleta shida mvua ikiwa imeshanyesha, na shida inabaki kwa saa kadhaa au siku nzima baada ya anga kutakata. Na kukatika kwa dakika chache kila siku, saa zilezile za mchana, kwa siku kadhaa mfululizo karibu na Machi au Septemba, ni jua kupita nyuma ya setilaiti na kulimwagia dishi kelele zake. Usiguse dishi siku hizo. Litaacha lenyewe.

Mkataba

Upatikanaji wa asilimia 99.9 kwa mwaka unaruhusu saa 8 na dakika 46 za kukatika. Asilimia 99.5 inaruhusu saa 43 na dakika 48. Namba hizo ni wastani wa mwaka, na mvua hainyeshi kwa wastani: saa hizo 43 zinaweza kuangukia karibu zote kwenye miezi miwili ya mvua, jioni, watu wakiwa mtandaoni. Omba namba ya mwezi mbaya kuliko yote. Omba pia iandikwe ni kwa kasi gani, kwa kuwa modemu iliyoshuka hadi QPSK 1/4 bado inahesabiwa kuwa hewani. Mwisho, omba hesabu ya mawimbi ya eneo lako mwenyewe, yenye pembe ya setilaiti, ukubwa wa dishi, Es/N0 ya anga safi, na desibeli za akiba kwa kupokea na kwa kutuma kila moja peke yake. Kwa Ku tunakubali akiba ya desibeli 6 kwenye maeneo ya mvua nyingi. Kwa Ka, iliyo chini ya 10 upande wa kutuma hatuwezi kuipendekeza kwenye maeneo hayohayo, ila kama mteja ana laini ya pili isiyopita angani.